Kuangua atemia wa farasi bahari bila kuingiza haidroidi tangini

Farasi bahari hana meno wala mfuko wa tumbo wa kuhifadhia chakula. Anachokifyonza hupita upesi utumboni, na kwa hiyo vitoto vyake vinapaswa kulishwa atemia hai, yaani vijidudu vya maji ya chumvi vya jamii ya kamba vinavyoanguliwa kutoka mayai makavu, mara kadhaa kwa siku. Kila mlo ni safari kutoka chupa ya kuangulia hadi tangini, na kila safari yaweza kubeba dowezi.

Dowezi mkuu ni haidroidi, mnyama wa ukoo mmoja na konyeza na matumbawe. Katika hatua moja ya maisha, baadhi ya aina zake huelea kama konyeza wadogo mno. Katika hatua nyingine hushikamana na kioo, wakaonekana kama vijiti vyeupe vyenye nyuzi zinazochoma. Tangi la vitoto lina atemia tele wala halina wa kumla haidroidi, basi huko huzaana haraka, akavichoma vitoto na kuvipokonya chakula.

Tuanze na maji, kwa sababu hapa Mombasa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Bahari i karibu, na ni rahisi kuchota ndoo moja Nyali au Likoni, ukaichuja kwa kitambaa na kuidhani safi. Kitambaa hakizuii viluwiluwi vya haidroidi. Kwa kuangua mayai huhitaji maji ya bahari hata kidogo: chukua maji ya mfereji yaliyolala usiku kucha huku yakipulizwa hewa, utie gramu 25 hadi 30 za chumvi kavu kwa kila lita, na chembe chache za magadi ya kuokea ili maji yasiwe na uchachu. Chumvi kavu haibebi haidroidi aliye hai. Ukilazimika kutumia maji ya bahari, yatie dawa ya klorini ya kufulia nguo, yaache usiku mzima, kisha iondoe klorini kwa sodiamu thiosalfeti.

Baada ya maji ni ganda la yai, na hapa inafaa kukaa kwa muda. Ganda la hudhurungi hubeba bakteria na uchafu wa huko mayai yalikovunwa, na vipande vyake, vikimezwa na kitoto, vyaweza kuziba utumbo wake mwembamba. Njia bora ni kuliyeyusha kabla ya kuangua. Loweka mayai katika maji baridi yasiyo na chumvi kwa saa moja hadi mbili, huku hewa ikipita, mpaka yajae na kuwa ya mviringo. Yachuje, kisha yatie katika dawa ya klorini isiyo na manukato wala sabuni. Kipimo kinachotegemewa ni nusu gramu ya klorini kwa kila gramu ya mayai, yaani takriban mililita 10 za dawa yenye nguvu ya asilimia 5. Chupa iliyokaa muda mrefu kwenye duka lenye joto huwa imepungua nguvu, kwa hiyo nunua mpya.

Koroga bila kusita. Mayai yatatoka hudhurungi, yawe ya kijivu, kisha ya rangi ya chungwa; mengi yakishafika hapo, yamwage mara moja katika chujio laini. Kwa kawaida huchukua dakika 5 hadi 15, lakini fuata rangi, si saa. Mchanganyiko huu huzalisha joto, na ukipita nyuzi 40 za Selsiasi mayai hufa. Msimu wa kaskazi, maji yakiwa tayari na uvuguvugu, weka vipande vya barafu karibu. Suuza mpaka harufu ya klorini iishe, umalizie kwa thiosalfeti kidogo. Fanya kazi hii penye hewa, ukivaa glavu, na kamwe usichanganye dawa hiyo na siki.

Chupa ya soda iliyogeuzwa juu chini yatosha kuangulia. Tia gramu moja au mbili za mayai kwa lita, puliza hewa kwa nguvu kutoka chini, weka taa, na katika nyuzi 26 hadi 28 utapata atemia baada ya saa 18 hadi 36. Umeme ukikatika mayai hutulia chini na kukosa hewa. Pampu ndogo ya betri si anasa.

Chupa hiyo isiwe juu ya tangi wala ubavuni mwake, kwani mapovu yanayopasuka hurusha matone. Ikiwezekana, iwe chumba kingine. Chujio, mpira wa hewa na kikombe vya kuangulia visiguse tangi, na vya tangi visirudi huku. Baada ya kila mzunguko vioshe kwa klorini, uvisuuze, kisha uvianike juani mpaka vikauke kabisa. Jua letu ni msaidizi wa bure.

Wakati wa kulisha, zima hewa kwa dakika chache, vuta atemia kwa mrija, wachuje, na uwasuuze kwa maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya kuangulia, ambayo hujaa bakteria, yamwagwe. Hata kijiko kimoja kisiingie tangini.

Kila baada ya siku chache, zima taa za chumba na umulike kioo cha tangi kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona vijiti vyeupe, hamishia vitoto katika tangi jipya lenye maji mapya, na lile la zamani ulioshe kwa klorini. Wapo wanaotumia fenbendazole, dawa ya minyoo ya mifugo, nayo huwaua haidroidi kweli. Lakini yaweza kuua pia konokono na matumbawe, na hubaki ndani ya mawe. Katika tangi la vitoto lisilo na mawe wala matumbawe naweza kuikubali. Katika tangi kubwa lenye mawe na matumbawe, siigusi.