Bakuli Lisirudi Tupu: Namna ya Kuifanya Dodoma Iwe Kwako

Nilihamia Dodoma Machi 2017 nikimfuata mume wangu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulikuwa umepitishwa tangu 1973, lakini ilipofika Julai 2016 serikali ikasema safari hii inahama kweli, na ofisi ya mume wangu ikawa miongoni mwa zilizotangulia. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga. Tulipanga vyumba viwili Nkuhungu, na kwa miezi 11 maboksi yangu manne yalikaa pembeni ya kitanda yakiwa yamefungwa kamba. Mtu akiniuliza naishi wapi, najibu: "Kwetu Tanga, hapa tupo tu."

Sasa wateja wangu wengi ni wanawake waliohamishwa kama mimi. Wanakuja kupimwa gauni, tepu ikiwa kiunoni wananiuliza nilizoeaje. Haya ndiyo ninayowaambia.

Fungua maboksi yote wiki ya kwanza, hata kama mkataba wa nyumba ni wa miezi sita. Mkeka wa ukindu niliopewa na mama yangu ulikaa ndani ya boksi hadi panya wakaula kona moja. Nilipoutandika hatimaye, chumba kikabadilika siku hiyohiyo. Kitu chako cha kwenu kiweke mahali unapokikanyaga au kukishika kila siku, usikihifadhi kwa ajili ya wageni.

Kisha jifunze maji kabla hujajifunza njia. Tanga mvua inanyesha zaidi ya mara mbili ya ile ya huku. Dodoma ina msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima inapata milimita 500 na kitu. Maji mengi ya bomba yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, Makutupora, na yana mgao. Uliza jirani mapema siku zenu za maji ni zipi na yanafunguliwa saa ngapi, maana mtaa mmoja na mwingine hazifanani. Mimi nilijua ratiba yetu baada ya majuma matatu ya kununua madumu kwa mwenye mkokoteni, na kumbe bomba lilikuwa linatoka usiku wa manane nikiwa nimelala.

Maji ya visima vingi vya mitaani yana chumvi. Utaona ukoko mweupe ndani ya birika, sabuni haitoi povu, na maharage yanagoma kuiva huku mkaa unateketea. Nililia kwa ajili ya maharage, nasema kweli. Dawa yake ni kutenga vyombo: maji ya kisima ni ya kudekia na kufulia nguo nzito, ya bomba ni ya chai, na ya mvua ni ya maharage. Weka gata hata kwenye upande mmoja wa bati. Paa la mita 5 kwa 10 likipata mvua ya milimita 10 linakupa kama lita 500. Ila mvua ya kwanza kabisa iache ioshe bati, kwa sababu vumbi la miezi saba liko juu pale.

Vumbi nalo lina tabia zake. Kuanzia Juni upepo unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo madirisha ya upande huo ndiyo ya kuwekea pazia zito. Kabati la nguo liweke ukuta wa pili. Fagia baada ya kunyunyiza maji kidogo. Na usije na nguo za pwani peke yake: mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi inashuka hadi nyuzi 13 au 14. Sweta za watoto nunua Mei, zikiwa bado rahisi.

Chakula ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nazi zipo soko la Majengo, bei iko juu kuliko Tanga, mimi nanunua mbili kwa wiki na sioni vibaya. Lakini jifunze kupika mlenda. Ule wa unga wa majani makavu unachemsha maji, unatia magadi kidogo sana, nyanya, unanyunyiza unga huku unakoroga, unamalizia na karanga za kusaga. Ugali wake ni wa uwele au mtama. Mara ya kwanza niliona unavutika vibaya mkononi nikaacha. Mara ya tatu nilijikuta naufuata jikoni bila kuitwa. Ukitaka nyama, nenda mnada wa Msalato Jumamosi, uende na njaa na muda wa kutosha.

Salamu sasa. Kwa wazee wa Kigogo anza na "Mbukwenyi", hata kama ndilo neno pekee unalolijua. Bibi wa nyumba ya pili kutoka kwangu alikuwa akinijibu "marahaba" ya haraka kila asubuhi kwa mwaka mzima. Siku niliyomwamkia kwa Kigogo aliweka chini ungo wake, akanishika mkono, akaniuliza kwetu ni wapi, nimezaa wangapi, na kwa nini sipandi hata mti mmoja pale nje.

Basi nikapanda. Nakushauri upande hata kama umepanga, ukishaongea na mwenye nyumba. Mwarobaini unastahimili ukame, mpapai unakupa tunda mapema. Panda Desemba au Januari ardhi ikiwa na unyevu. Zungushia matawi ya miiba, maana mbuzi wa Dodoma hawana simile. Kiangazi chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, itoboe kitundu kwa sindano, ifukie nusu karibu na shina, uijaze kila baada ya siku mbili kwa maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho yasiyo na sabuni nyingi. Mwarobaini wangu ulinipa kivuli cha kutosha cherehani mwaka wa tatu. Hapo ndipo wateja walipoanza kukaa badala ya kuacha kitambaa na kuondoka.

Jambo la misiba nakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote niliyotangulia kusema. Kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mjumbe ni lazima, fanya wiki ya kwanza, inaisha kwa dakika 20. Msiba ni kitu kingine. Kaka wa yule bibi alipofariki, mume wangu alisema sisi wageni tupeleke rambirambi tu tuondoke. Nilikataa. Nilivaa kanga, nikabeba kisu changu cha jikoni, nikakaa na wanawake wenzangu nyuma ya nyumba nikichambua mchele na kumenya vitunguu hadi saa nne usiku. Hakuna aliyenishukuru, wala haikuhitajika. Ila kesho yake bibi alinituma dukani: "Mkamwana, hebu nikimbilie majani ya chai." Mtu akishaanza kukutuma namna hiyo, umeshaingia kwenye hesabu ya mtaa.

Mwaka 2021 baba yangu alifariki Tanga. Simu ilikuja saa kumi alfajiri. Kabla jua halijachomoza vizuri kulikuwa na turubai mlangoni kwangu na daftari lenye majina 43, kila jina na kiasi chake. Nauli yetu ya basi ilitoka mle. Mama wawili wa mtaani walisafiri nasi hadi Tanga, ambako hawakuwahi kufika, wakalala siku tatu chini kwenye mkeka na dada zangu. Bado ninalo lile daftari. Kila nyumba yenye jina mle ikipata shughuli, nafungua ukurasa na kuangalia, nisije nikapeleka pungufu.

Kwa hiyo ukitaka mahali pawe kwako, kubali kudaiwa. Azima chumvi hata kama unayo. Azima ungo. Jirani akikuletea zabibu za shambani kwake, usilirudishe bakuli siku hiyohiyo likiwa limeoshwa na liko tupu, kwa sababu hapo umefunga hesabu. Kaa nalo siku mbili tatu, kisha lirudi na kitu ndani. Mimi huweka visheti, kwa kuwa ndivyo ninavyovijua tangu kwetu, na watoto wa mtaa sasa wanavisubiri. Mwenye shida aweke hata nyanya tatu au kiazi.

Vyombo vyako vitie alama chini kwa rangi ya kucha. Yangu ni nukta mbili nyekundu. Juzi nimeliona bakuli langu limeanikwa kwenye kichanja cha nyumba ya nne, ambako sijawahi kulipeleka.