Somo: Picha ya mzunguko, kuchora juu ya kazi ya mwenzio

Wapendwa, hii ndiyo kazi ambayo mmoja anaianza, wa pili anaibadilisha, wa tatu anaimalizia. Kwa mara ya kwanza iweni watatu tu.

Hatua ya 1: Ruhusa. Wengi huiruka, na hapa ndipo urafiki huvunjika. Mwaka 1953 Robert Rauschenberg, msanii kijana wa Marekani, alitaka kufuta mchoro wa Willem de Kooning, mchoraji aliyekwisha kuwa mashuhuri. Alikwenda kwake, akabisha hodi, akaomba. De Kooning hakulipenda wazo lile, lakini alikubali, tena akamchagulia mchoro mgumu kufutika. Kuufuta kulichukua wiki nyingi, na alama hafifu bado zinaonekana. Bila ile hodi ungekuwa uharibifu. Basi andikeni kabla: kufunika ruksa? Kukata je? Kufuta?

Hatua ya 2: Anza, usimalize. Chora theluthi moja, kwingine acha wazi. Ukijaza kila kona, mwenzio atabaki kupamba tu.

Hatua ya 3: Ipige picha kwa simu kila inapotoka mkononi mwako.

Hatua ya 4: Kuifunga ili kumtumia mwenzio kwa basi. Akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, ikipata joto kwenye buti la basi hulainika na kunata. Iache ikauke siku kadhaa, funika uso kwa karatasi ya kuokea keki, kisha ibane kati ya maboksi mawili.

Hatua ya 5: Ukipokea, usishike brashi siku hiyo. Itazame, igeuze kichwa chini miguu juu. Mimi nililetewa jahazi. Nilipoligeuza, tanga likawa bawa la korongo. Nikachora ndege mzima, ila kamba ya demani, ile ya kuongozea tanga, niliiacha vilevile, maana mkono wa mwenzangu ulionekana pale kuliko popote. Kila picha ichagulie kitu kimoja cha mwenzio usichokigusa.

Hatua ya 6: Saini nyuma, kwa mpangilio mliofuatana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mwenzangu ameifunika sura ya mama yangu yote kwa rangi nyeusi. Naweza kuitoa?

Jibu: Pole sana, dada. Akriliki ikishakauka, ukiikwangua utang'oa na ya chini. Kama mlikubaliana kufunika hajakosea, lakini mweleze ulivyoumia. Ile picha ya simu ichape uitunze. Usiingize kwenye mzunguko sura usiyoweza kuipoteza.

Swali: Ikiuzwa, fedha ni za nani?

Jibu: Zenu wote, mafungu sawa, na mkubaliane kabla ya mstari wa kwanza. Aliyechora kidogo pengine ndiye aliyeiokoa.

Swali: Mimi nachora kwa mtindo wa Tingatinga, kwa rangi ya mafuta ya kopo. Nijiunge?

Jibu: Karibu sana, kaka, ila uwe wa mwisho. Mafuta juu ya akriliki iliyokauka hushika. Akriliki juu ya mafuta hubanduka. Na tumieni hadibodi, karatasi hunyonya mafuta ikaharibika.