Kabla hujampeleka mzee Bustani ya Jamhuri, Tanga

Fika kabla ya saa nne asubuhi, au ngoja alasiri jua lipoe. Kofia, maji, viatu vya chini. Machi hadi Mei ni masika, beba mwavuli.

Historia isome nyumbani, maana watoto watauliza. Mbele ya bustani ni bandari na kisiwa cha Toten, na jirani ya bustani ni mnara wa saa uliojengwa na Wajerumani. Novemba 1914 Waingereza walishusha mji huu askari kama 8,000. Kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, na watu wake kama 1,000 wakawarudisha melini, na nyuki wakawauma wa pande zote mbili.

Sasa choo. Hapa nisikilize.

Nilimpeleka bibi yangu Ijumaa moja. Ana kisukari, na mwenye kisukari haja ndogo haimsubiri. Nilibeba kila kitu, hata mto wa kukalia. Choo sikukiuliza. Tulikaa kivulini, akanionyesha meli, akanisimulia enzi za babu. Nikampa dafu, akalimaliza. Baada ya muda akanyamaza, vidole vimekaza pindo la kanga.

"Mjukuu wangu, nimebanwa."

Watu walishakwenda kuswali. Mgahawa wa kwanza umefungwa. Wa pili choo kina kufuli, mwenye ufunguo yuko msikitini. Niliporudi nilimkuta amesimama nyuma ya mti, mtandio kaufunga kiunoni, hataki kunitazama. Kwenye bajaji hakusema neno. Tangu siku ile nikimwalika matembezi ananiambia miguu inamuuma. Haya naandika kwa ruhusa yake; alisema, "Andika, wenzangu wasiaibike."

Basi nenda mwenyewe siku moja kabla. Kitafute choo, ingia ndani, angalia kama kina maji, na kama ni cha kuchuchumaa, magoti ya mzee yatakiweza? Uliza nani anashika ufunguo na saa ngapi huwa hayupo. Mkalishe mzee karibu nacho, hata kama bahari haionekani vizuri. Weka kanga ya akiba na chupa ya maji ya kujisafishia. Na usimnyime maji ya kunywa kwa kuogopa choo. Mgonjwa wa kisukari akikaukiwa juani ni hatari kubwa.

Namba ya dereva wa bajaji uwe nayo. Simu isikae mfuko wa nyuma. Watoto wasisogelee ukingo wa bahari peke yao, na mzee usimwache kwenye benchi hata dakika tano.