Gogo bovu liache lilale

Mgeni mmoja alinionyesha picha kwenye simu yake tukiwa njiani kupanda mlima. Kiumbe laini kama nyungunyungu, vipembe viwili vya nyama kichwani, miguu mifupi minene imejipanga pembeni kama vifungo vya kanzu, na ngozi kama kitambaa cha mahameli. "Dada, huyu naye tutamwona leo?"

Nikamwambia ukweli: huyo ni mdudu wa mahameli, na huku kwetu Usambara hayuko. Kwa Afrika anajulikana kule Gabon na Kongo, aina moja tu, na jamaa zake wengine wako kusini kabisa, Afrika Kusini. Wengi wanaishi Amerika ya Kati na ya Kusini, visiwa vya Karibi, Australia na New Zealand. Yule mkubwa kuliko wote alitambulishwa na wanasayansi mwaka 2010 huko Kosta Rika. Anafika sentimita 22, karibu robo tatu ya rula ya mtoto wa shule. Usiku hutoka kuwinda, na windo lake hulirushia ute wa kunata kutoka pande mbili za kichwa mpaka linabaki limefungwa kama kuku wa sokoni.

Uso wa mgeni ukaanguka. Nikamwambia, basi njoo nikuonyeshe nyumba yake. Maana nyumba tunayo, ila wapangaji ni wengine.

Nyumba yenyewe ni gogo bovu. Mdudu wa mahameli ana udhaifu mmoja mkubwa: vitundu vyake vya kuvuta hewa havifungiki, kwa hiyo akikaa penye jua au upepo mkavu, maji yanamtoka mwilini na anakufa. Ndiyo maana haachani na gogo lenye unyevu na majani yaliyooza. Na wetu wa Amani, msitu wetu wa huku Usambara, konokono wadogo kama punje ya mchele, jongoo, vyura, wote wana shida hiyohiyo ya kukauka. Kinachomwua yule wa Gabon ndicho kinachowaua hawa. Mimi naongoza wageni, na nyuma ya nyumba nina ekari moja na nusu ya iliki inayopakana na msitu. Haya ninayoyaeleza nayafanya kwa mikono yangu, na mengine niliyajua baada ya kuharibu.

Anza jikoni, si msituni

Nilikuwa nimeolewa juzi tu, mvua ya masika imeshika, mama mkwe akanituma kuni. Nikarudi na kipande cha gogo kinene kuliko paja langu, chepesi ajabu, najiona shujaa. Nikakisukumiza kati ya mafiga. Moshi ulijaa jikoni hata sufuria hatukuiona. Kisha wakaanza kutoka: jongoo wawili, tandu, mchwa wasiohesabika, na mwisho kitu cha kijivu kinachong'aa, chembamba kama kalamu, kinajinyonganyonga juu ya majivu. Mama mkwe alisema nyoka, akakimaliza kwa mwiko wa ugali. Uji ule tulikunywa saa nne, una harufu ya moshi mtupu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nabeba mizigo ya watafiti, ndipo nikaambiwa kile kiumbe ni jamaa ya chura. Hana miguu, lakini ana uti wa mgongo na taya zenye meno. Anaishi udongoni na chini ya magogo, na wengi wetu tumekuwa tukimkata kwa jembe tukidhani ni nyungunyungu mkubwa.

Kwa hiyo ukitaka kulinda viumbe hawa kijijini kwako, usianze na hotuba ya bioanuwai. Anza na anayepika. Mwambie hivi: piga gogo kwa mgongo wa panga. Likilia ko, hizo ni kuni, kama ni siku inayoruhusiwa kuokota, beba. Likilia pu, liache. Ukiwa huna panga, bonyeza kwa kidole gumba. Kikizama, hapo hakuna moto, kuna moshi na macho mekundu. Hakuna mama niliyembishia hodi na maneno hayo akanikatalia, kwa sababu sikumwomba aache kitu cha maana. Kuni nzuri ni matawi makavu yaliyoning'inia au yaliyoanguka karibuni. Gogo lililozama nusu ardhini, limeota kuvu na kijani cha unyevu, halina faida jikoni.

Namna ya kulifunua

Ikiwa lazima ulifunue, na sisi tunaoonyesha wageni hatuwezi kukwepa kabisa, subiri siku yenye unyevu. Masika, Machi hadi Mei, au vuli, asubuhi mapema kabla jua halijapenya. Kiangazi cha Januari na Februari mimi sifunui hata moja. Unyevu uliobaki chini ya gogo wakati huo ndio akiba yao yote, na ukilinyanyua unaiachia upepo.

Nawa mikono kwa maji matupu kwanza. Dawa ya mbu, sabuni ya manukato, chumvi ya karanga ulizokula njiani, vyote hivyo vinaunguza ngozi yao laini. Kwenye mteremko simama upande wa juu, shika gogo kwa mikono miwili na ulivute kuja kwako, ili mdomo ufunguke upande ule mwingine. Hapo kama kuna nyoka, njia yake iko mbele yake, si kwenye vifundo vya miguu yako. Na gogo likiteleza halikuviringikii.

Sasa chuchumaa. Usiguse kwanza, angalia. Asubuhi moja ya Aprili nilifunua gogo nililolipa namba 7, liko hatua chache kutoka kijito. Udongo ulikuwa mweusi, umeshonwa kwa nyuzi nyeupe za kuvu kama mtu aliyeanza kufuma akaacha. Jongoo amejikunja kama kamba ya chombo. (Najua mnachochekea, huyu wetu mtungi haumhusu, anapanda magogo.) Pembeni mayai ya konokono, mviringo, meupe, kama sago iliyoiva. Na chini ya jani moja, kachura kadogo kuliko ukucha wangu wa dole gumba la mguu. Huku Amani tuna aina ya chura ambaye hatagi mayai majini. Mama anazaa vyura wadogo waliokamilika, moja kwa moja kwenye mboji. Kwa chura wa namna hiyo, bwawa la kijiji halimsaidii kitu. Anachohitaji ni sakafu ya msitu yenye maji ya kutosha.

Hesabu polepole mpaka sitini, kisha rudisha. Na hapa ndipo wengi wanapoua bila kujua: wanaliangusha gogo juu ya waliomo. Kwanza wasogeze viumbe pembeni kwa jani, uliteremshe gogo taratibu mpaka likae katika shimo lake lilelile, kisha waweke karibu na ukingo wajiingize wenyewe. Majani yaliyosogea yarudishie, ziba mianya. Gogo likirudi limekaa upande, hewa inapita chini yake na baada ya wiki pamekauka kama ukumbi.

Jongoo ukimshika atakuachia maji ya kahawia yenye harufu kali. Hayadhuru sana mkononi, ila usijifute macho.

Kundi moja la wanafunzi lilipita hapa na mwalimu wao, siku niliyokuwa na homa. Nilipopata nguvu nikaifuata njia yao kwa macho: magogo yamelala chali kama kasa waliopinduliwa, moja baada ya jingine. Niliyarudisha, lakini machache ndiyo yaliyokuwa bado na wenyewe. Tangu siku hiyo, kundi langu likiwa na watu kumi, gogo tunalofunua ni moja, nalifunua mimi.

Shambani

Msitu wa hifadhi una wenyewe, TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na sheria zake. Tangu 1997 sehemu kubwa ya Amani ni hifadhi ya mazingira asilia. Lakini viumbe wa gogo hawajui beacon, yale mawe ya mpaka. Shamba lako likiwa jangwa, wa upande huu wa msitu hawatafika upande ule, kwa kuwa kiumbe anayeogopa kukauka havuki uwanja wenye jua. Kwa hiyo mwachie daraja.

Mti ukianguka shambani, mfenesi, mkarafuu, chochote, pasua sehemu ya juu ufanye utakalo. Kipande cha chini, kile kinene, kiache. Kilaze kukingama mteremko, si kuufuata. Kikikingama, majani na udongo unaoteremka na mvua vinakusanyikia nyuma yake, na maji yanapata pa kupumzikia kabla ya kukimbilia mtoni. Chimba kidogo, kina cha kiganja, ukizamishe, kisha funika majani pande zote. Weka kivulini. Halafu usahau. Mchwa na kuvu hutangulia. Konokono na wengine mimi niliwaona baada ya masika ya pili. Ukitaka kujua kama limeiva, chomoa kipande cha ndani ukikamue kama anayekamua tui. Yakitoka maji, watu wameshahamia.

Ninayo magogo kumi na mbili sasa, yamepangwa kutoka ukingo wa msitu hadi kijitoni, hakuna linalopita hatua kumi na tano kutoka kwa mwenzake. Kijitoni kwenyewe silimi. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60, na hata bila sheria, maji haya yanaingia Mto Sigi na ndiyo wanayokunywa Tanga mjini.

Iliki inapenda kivuli, na hilo linanisaidia. Majani ninayopalilia nayaacha chini yawe matandazo. Sichomi. Dawa ya kuulia magugu niliwahi kuinunua mara moja, nikapiga nusu ya shamba. Magugu yalikufa kweli, udongo ukabaki uchi, na jua likamaliza kazi. Nusu ile ilichukua misimu mitatu kurudi kuwa na majani ya kufunika kisigino.

Jambo moja la kuangalia kwa wakazi wa huku: ule mti wa Maesopsis uliopandwa kwa ajili ya mbao na ukageuka mvamizi. Hondohondo wanapenda matunda yake na wanatapakaza mbegu kila mahali. Majani yake yanaoza haraka mno, kwa hiyo chini yake sakafu ni nyembamba, hakuna tandiko la kudumu. Vichipukizi vyake shambani kwangu naving'oa vikiwa na urefu wa goti, mvua ikiwa imelainisha udongo. Vikishapita kiuno utahitaji mtoto wa kiume na jembe.

Wanaokuja na chupa

Watakuja. Watakwambia wanataka jongoo watatu tu, au vinyonga vidogo vinavyolala kwenye vijiti vya chini, na watataja bei. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, na mtafiti wa kweli anakuja na kibali mkononi, tena anakionyesha kabla hujauliza. Mimi naomba kukiona, nakipiga picha. Asiye nacho namwonyesha njia ya kurudi Muheza, na chai nampa.

Hasara ya aina hii haiji kwa kelele. Kule Kihansi, vyura wadogo wa dhahabu waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yalipogeuzwa kwenda kuzalisha umeme mwaka 2000 manyunyu yakapungua, maradhi ya kuvu nayo yakaingia, na kufikia 2009 walitangazwa kutoweka porini. Walionusurika walikuwa kwenye bustani za wanyama Marekani, na walianza kurudishwa porini 2012. Konokono wa ukubwa wa punje ya mchele hana bustani ya wanyama inayomsubiri.

Daftari

Nunua daftari la kurasa 96 na penseli. Wino na ukungu wa Amani havipatani. Kila gogo lipe namba, ichore kwenye kijiti kilichosimikwa kando, si kwenye gogo. Andika tarehe, saa, mvua ya jana ilikuwaje, ulichoona na wangapi. Kama jina hulijui, piga picha ukiweka sarafu ya shilingi mia pembeni, kisha ipandishe iNaturalist, tovuti ambako watu hutambuliana viumbe kwa picha, ukipata mtandao. Kuna watu huko wanaojua konokono kama ninavyojua iliki. Mahali halisi pa vinyonga na viumbe wanaouzika paache pafichwe.

Kila gogo halifunuliwi zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine unapita tu, unaligusa kwa kiganja kujua kama bado lina ubaridi, unaandika. Ukurasa wangu wa Februari una mistari kumi na miwili, na yote inasema: kavu juu, baridi chini, sikufunua.