Somo: Kufuatilia dinoflajelata wa silanga, masika hadi kiangazi

Maji ya silanga yakigeuka kahawia, wengi husema ni tope la mvua, na mara nyingi ndivyo. Ila mvua ikikatika wiki tatu na rangi bado ipo, shuku dinoflajelata: viumbe wa seli moja wenye mijeledi miwili (nyuzi za kuogelea), mmoja umezunguka kiuno, mwingine unaburuta nyuma. Tutafuata wawili, Ceratium mwenye pembe na Peridinium wa mviringo.

Hatua ya 1. Chota maji kwenye chupa angavu, funika nusu kwa karatasi nyeusi, weka dirishani pasipo jua kali. Tope litatuama, dinoflajelata aghalabu hujongea upande wenye mwanga.

Hatua ya 2. Hapa ndipo wengi huharibu. Asubuhi viumbe hawa hupanda kufuata mwanga, usiku hushuka kutafuta fosforasi na nitrojeni karibu na tope. Ukichota saa tatu asubuhi leo na saa kumi na moja jioni wiki ijayo, umepima mwendo wao wa siku, msimu hujaugusa. (Daftari langu la miezi miwili liliharibika hivyo hivyo.) Shika saa ile ile mwaka mzima, uchote juu, katikati na karibu na chini.

Hatua ya 3. Tia matone ya iodini ya Lugol (dawa ya kahawia inayowaua na kuwahifadhi) hadi maji yafanane na strungi nyepesi. Yakituama, hesabu kwa hadubini. Ceratium anaweza kupita milimita 0.2, kwa hiyo lenzi ya kukuza kidogo yatosha.

Hatua ya 4. Kila wiki mbili andika mvua, kimo cha maji, joto, na kina ambapo sahani nyeupe uliyoifunga kamba inapotea machoni. Masika ya Machi hadi Mei huingiza mbolea za mashambani pamoja na tope linaloziba mwanga. Angalia sana majuma ya utulivu yanayofuata. Silanga yenye kina kifupi hukorogwa na upepo wa usiku mmoja tu, basi upepo nao uandike.

MASWALI

Atieno: Mwalimu, ile kijani ya Ghuba ya Winam, kule Ziwa Victoria, ni hao pia?
Jibu: Hapana, dada. Ile ni sianobakteria (bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea), hasa aina ya Microcystis, na inaweza kuwa na sumu. Usiinyweshe mifugo.

Wafula: Na hawa wa kahawia wanaua samaki?
Jibu: Wakifa kwa wingi, bakteria wanaowaozesha humaliza oksijeni. Ukikuta samaki wanahema juu ya maji alfajiri, usingoje kuhesabu. Kwa maji ya bomba, kero ya Ceratium ni harufu na kuziba vichujio.

Mama Njeri: Kwangu hupotea miezi kadhaa, kisha hao tena. Hutoka wapi?
Jibu: Topeni, mama. Hali ikiwa mbaya hujifunga kwenye vifuko vya ganda gumu na kuzama. Chukua kijiko cha tope bichi la juu, litie maji ya silanga yaliyochujwa kwa karatasi ya kichujio, weka dirishani, uchungulie kila siku.