Namna ya Kupima Uhalali wa Utajiri Uliopindukia

Anza na chanzo cha mali kabla ya kuitazama sadaka. Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma wa Marekani, aligharimia ujenzi wa maktaba zaidi ya 2,500, na watu wengi walinufaika nazo kweli. Lakini mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda chake cha chuma cha Homestead, Marekani, walifungiwa nje baada ya kukataa kupunguziwa ujira, na mapambano yaliyofuata yaliua watu. Yapime yote mawili pamoja, kwa kuwa maktaba haimrudishii mfanyakazi jasho lake.

Kisha uliza ni nani anayeamua, na hili, kwa maoni yangu, ndilo lenye uzito zaidi. Tajiri anayechagua peke yake hospitali ipi ijengwe na ipi iachwe anashika mamlaka ambayo hakuna aliyempigia kura, ilhali kodi, pamoja na kasoro zake zote, hupitia bungeni, ambako wananchi wanaweza kuhoji kupitia wawakilishi wao.

Tazama pia kinachobaki mkononi mwa mtoaji. Chuck Feeney, mfanyabiashara tajiri wa Marekani, alitoa zaidi ya dola bilioni 8 akiwa hai, huku akiishi katika nyumba ya kupanga. Anayetoa huku mali yake ikizidi kukua hajajinyima kitu.