Kabla hujashuka Great Northern au Pegasus, soma hapa kwanza

Jamani wazamiaji wa Unguja, hizi meli mbili hazina spea. Great Northern ilikuwa ya kutandaza nyaya za telegrafu, ikazama 1902, Pegasus ni manowari ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa imefunga Unguja inatengenezwa mashine. Kikivunjika kitu huko chini ndo basi tena.

Balaa kubwa ni nanga. Ikitua juu ya meli inang'oa mabati, halafu mnyororo unakaa unasugua kila wimbi likipita. Kwahiyo kabla hujatoa hela muulize nahodha boti anaifunga wapi, kama kuna boya la kufungia, safi, kama hamna basi nanga iende kwenye mchanga mbali kabisa na meli au boti ibaki inaelea iwasubiri. Akikujibu "usijali bro", tafuta boti nyingine.

Halafu uzito. Watu wanajifunga vipande vingi vya risasi (ile metali nzito ya kumzamisha mtu) kiunoni wakifika chini wanatambaa kama kaa. Jipime: mtungi wa hewa ukikaribia kuisha, uko mita 5, jaketi la kuelea halina hewa, unatakiwa utulie hapohapo hupandi huzami. Geji (ya kupimia hewa) na oktopasi (mdomo wa akiba wa kupumulia) vibane kifuani visiburute, mapezi piga kama chura. Na usishike chuma, maana matumbawe na yale magamba yaliyoota juu yake ndo koti lake, ukiyabandua oksijeni inakifikia na kutu inaanza upya.

Ndani usiingie. Great Northern iko kina cha kama mita 12 tu mtu anajiona yuko swimingi, lakini mapovu yako yanakwama chini ya dari, hewa ile inakula chuma, na vumbi likitibuka mlango huuoni.

Sasa nyie wa kubeba ukumbusho. Chuma kilichokaa baharini miaka mia kimeshiba chumvi, ukikitoa kikakauka kinapasuka na kumeguka, mwaka haupiti unafagia kutu sebuleni. Ile Santo António de Tanna ya Wareno, iliyozama mbele ya Fort Jesus Mombasa 1697, ilichimbwa na wataalamu kuanzia 1977, vitu vyake vikatibiwa kwa dawa taratibu, wewe una ndoo na maji ya bomba! Piga picha, weka kisu au sleti (kibao cha kuandikia chini ya maji) pembeni ukubwa ujulikane, andika kina na tarehe, peleka ofisi ya mambo ya kale. Kitu kigeni ukikiona usirushe lokesheni insta, wezi nao wana simu.

Pegasus nayo ina la ziada, watu walikufa pale, mabaharia wake wamezikwa kisiwa cha Chapwani, kwahiyo mambo ya kupanda juu ya mabaki upigwe selfi acha. Na ukiona kitu chochote kinachofanana na kombora, hata kama kimeota matumbawe, rudi nyuma taratibu, mwonyeshe divimasta (anayewaongoza kuzamia) kwa kidole tu.